Mkono Chini ya Taya

Kijiji cha Nyantakara,
Biharamulo.
14 Januari 1979

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimetulia, maana nakumbuka miezi hii ya umande ndiyo inayokusumbua. Sisi huku tu wazima. Zita ametimiza miaka sita na amepoteza jino la mbele, sasa anaficha mdomo akicheka. Maharage yalikubali, mahindi yaliliwa na nyani.

Mayunga hayupo. Aliondoka na mgambo tarehe saba Desemba, kwa lori la pamba, wanaume kumi na mmoja wa kijiji hiki, wengine hata viatu hawakuwa navyo. Tangu siku hiyo sijapata neno lake. Malori yote yamekwenda vitani, kwa hiyo barua nazo zinatembea kwa miguu. Hii nimempa katekista wetu anayekwenda Rulenge. Amesema atatafuta mtu wa Keza wa kukufikishia.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu nilipokuja kwenye kaburi la mama hatujaandikiana, na kabla ya hapo mama ndiye aliyekuwa akimtafuta mtu wa kumwandikia. Sitaki kukusumbua. Nina jambo moja la kuuliza, na katika watu wote ninaowajua ni wewe tu unayelijua.

Mayunga ameniachia mbwa. Ni dume, ana miezi minane, mwekundu mwenye kifua cheupe. Anaitwa Ngoja. Mayunga alimleta akiwa mdogo wa kukaa kwenye kofia, akasema atamfanya mbwa wa mawindo, tutakula kwale kila Jumapili. Sasa amekwenda yeye na mbwa amebaki. Kushika anashika. Asubuhi kanga na kwale wakiwa wamelowa umande hawaruki vizuri, naye huwakimbilia kwenye majani akamkamata mmoja. Lakini simwoni tena mpaka amemaliza kumla. Nikimfuata ananguruma. Sungura mmoja nilimpata kichwa tu.

Hilo ningelivumilia. Mwezi uliopita alimkamata kuku wa Mama Leonsia. Unajua nyumba zetu tangu operesheni ya vijiji zimepangwa kwa mistari. Kutoka mlango wangu hadi banda lake ni hatua kumi na mbili. Kuku alikuwa ameatamia. Kamati ya kijiji imekaa, mwenyekiti Bukuru akasema mbwa aliyeonja kuku dawa yake ni moja. Niliomba. Wakanipa muda mpaka mwisho wa Juni, kwa ajili ya mwenye mbwa aliye vitani, lakini Ngoja akigusa kuku mwingine kabla ya hapo, hakuna kikao tena.

Baba, mbwa wako walikuwa wakileta ndege mzima mpaka mkononi. Niliona kwa macho yangu nikiwa mtoto. Walifundishwaje?

Msalimie baba mdogo Anatoli. Zita anakusalimu ingawa hakujui.

Mwanao,
Adelfina


Keza, Ngara.
9 Februari 1979

Kwa Adelfina,

Marahaba. Barua yako imefika juzi. Katekista alimpa sista, sista akampa muuza chumvi. Imetumia siku ishirini na nne. Imeloa pembeni lakini inasomeka.

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe. Niko kisomo cha watu wazima, hatua ya tatu. Mwalimu wetu ni binti anaitwa Deodata. Anasema barua ianze na salamu, halafu habari za nyumbani, halafu madhumuni. Salamu nimetoa. Habari za nyumbani: Anatoli mzima, mkewe mzima. Migomba imeanguka mitatu kwa upepo. Kaburi la mama yako limepaliliwa. Mimi nakohoa kidogo.

Sasa madhumuni.

Kwetu mwanamke hakushika kamba ya mbwa wa mawindo. Ilikuwa mwiko. Lakini uliponiandikia umesema mwanamume wako hayupo, na mimi siko huko. Basi shika.

Kwanza jina. Mtu akamwita mbwa Ngoja halafu akataka aje? Lakini ameshalizoea, liache.

Chukua gunzi la muhindi. Lizungushie majani makavu ya mgomba mpaka liwe laini kama mwili wa kwale. Funga kwa kamba ya katani, juu chomeka unyoya mmoja. Tafuta mahali pembamba, kati ya ukuta na ghala, upande mmoja pamezibwa. Kaa upande ulio wazi. Rusha hatua tatu tu. Akiokota hana pa kwenda ila kwako. Mwambie: Zana. Ni neno letu la kumwambia alete, usitumie Kiswahili, Kiswahili atakisikia kwa kila mtu akichanganyikiwa.

Akifika USIVUTE. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Ukivuta, naye anauma. Akiuma leo gunzi, kesho anauma ndege. Weka mkono chini ya taya yake, ukiwa wazi, kama unayekinga maji. Ngoja. Mwambie: Rekura. Asipoachia, endelea kukaa. Utachoka wewe, atachoka yeye, yeye atachoka kwanza kwa sababu ni mtoto. Akiachia mpe tonge la ugali palepale.

Mara tatu kwa siku. Usizidishe. Acha akiwa bado anataka.

Na usimkimbize hata siku moja akiwa na kitu mdomoni. Mbwa anayekimbizwa humeza.

Mimi sina mbwa sasa. Tuliposhushwa mlimani mwaka sabini na nne nilikuja na wawili. Hawakukaa. Walirudi kule kwenye mahame. Nilipanda kuwafuata mara mbili, wakawa wanalala mlangoni pa nyumba isiyo na paa. Mara ya tatu sikuwakuta.

Nimechoka mkono.

Baba yako,
Idefonsi Ntakirutimana


Kijiji cha Nyantakara,
Biharamulo.
4 Machi 1979

Kwa Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama barabarani, halafu nikaja kuisoma tena nimekaa. Sikujua kwamba unaandika. Mwambie mwalimu Deodata kwamba mwandiko wako unasomeka kuliko wa karani wetu.

Huku tu wazima. Zita alipata homa ya siku tatu, imekwisha. Mvua zimeanza, nimepanda karanga na mihogo upande wa bondeni. Familia tatu hapa zimepata barua kutoka vitani, mojawapo ya Ndassa, kijana aliyeondoka lori moja na Mayunga. Ndassa anasema wamevuka mpaka, wanakula mahindi ya kuchoma, na Mayunga anasalimu. Maneno mawili tu: Mayunga anasalimu. Mayunga hajui kuandika, na ninamjua, hawezi kumpa mtu mwingine kalamu amwandikie mkewe. Ana haya.

Jumapili mpita njia alipiga mluzi karibu na nyumba, kwa meno, kama anavyopiga yeye. Ngoja alisimama masikio juu. Nami nikasimama na sufuria mkononi. Tulipomwona mtu mwenyewe tukakaa.

Sasa habari ya kazi. Baba, nimeiharibu. Siku nne za kwanza alikuja vizuri. Akaokota, akaleta, akaachia. Nikafurahi nikazidisha, nikarusha mara nane, mara tisa. Siku ya tano akalichukua gunzi akaniruka begani, akapita katikati ya nyumba za watu nalo mdomoni. Wanawake waliokuwa bombani wakacheka. Mmoja akasema, "Mumewe yuko vitani, yeye anamfundisha mbwa kula magunzi." Nikamkimbiza. Nikamkamata nyuma ya choo cha Bukuru, nikavuta, akauma, nikampiga kwa mwiko niliokuwa nao. Nilimpiga zaidi ya mara moja.

Sasa akiokota kitu na kuona mkono wangu anakitupa mbali na kuondoka ameinama. Jana alikamata kwale akaenda kumlia ng'ambo ya mto.

Sijui kama mbwa husahau.

Kuna jambo jingine nilitaka kukuuliza, si la mbwa, lakini karatasi imekwisha.

Mwanao,
Adelfina


Keza, Ngara.
1 Aprili 1979

Kwa Adelfina,

Marahaba. Pole kwa homa ya mtoto. Huku mvua nyingi, daraja la chini limeondoka na maji. Anatoli ameuza mbuzi. Nimefaulu hatua ya tatu, nimepewa cheti, nimekibandika ukutani.

Mbwa hasahau. Lakini hana kinyongo kama mtu. Ukianza upya, ataanza upya. Umepoteza mwezi mmoja, basi.

Fanya hivi. Acha gunzi kabisa siku kumi. Mkono uliompiga ndio umlishe, usimwekee chakula chini. Ukila, kaa chini umpe mgongo. Usimwite. Atakuja mwenyewe kunusa. Asipokuja leo atakuja kesho. Akikulalia mguuni, ndipo urudi kwenye ghala na gunzi, mara mbili tu kwa siku.

Kisha yai. Chemsha kwanza, mpe alibebe hatua tatu, halafu tano. Akilileta bila ufa mara kumi, mpe bichi. Yai bichi ndilo mwalimu wa kweli. Akilivunja atalilamba na atafurahi, usigombe. Mpe jingine kesho. Atagundua mwenyewe kwamba akilileta zima anapata tonge na wewe unafurahi, na kwamba kufurahi kwako ni kutamu kuliko yai. Mbwa ndivyo alivyoumbwa.

Kuna wanaotumia miiba. Wanaifunga ndani ya gunzi, mbwa akibana inamchoma ufizi. Baba yangu alifanya hivyo. Mimi pia nilifanya hivyo, kwa jike mmoja aliyeitwa Mwewe, wewe hujazaliwa. Alijifunza kwa siku tatu. Hakuwahi kuvunja ubawa wa ndege. Lakini ndege akianguka, Mwewe alikuwa ananitazama mimi kwanza, kama unavyotazama fimbo, ndipo aende.

Mama yako aliliona. Alikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja. Akaniambia, "Umepata mbwa anayekuogopa, unamwita mbwa mpole."

Nikamwambia, "Kazi si ileile?"

Akasema, "Kazi ileile. Mbwa siye."

Waliofuata sikuwapa miiba. Hao ndio uliowaona ulipokuwa mtoto.

Mama yako alikuwa na maneno ya namna hiyo. Nasimama hapa.

Jambo ulilotaka kuuliza, uliza. Karatasi nakutumia mbili ndani ya bahasha hii.

Baba yako,
Ntakirutimana


Kijiji cha Nyantakara,
Biharamulo.
22 Aprili 1979

Kwa Baba,

Shikamoo, na hongera kwa cheti. Barua yako safari hii imekuja upesi, kwa gari la misheni.

Umesikia bila shaka. Redio ya mwenyekiti ilitangaza kwamba Kampala imetekwa, watu wakatoka nje na madebe, wanawake wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mama Leonsia alinikumbatia, yeye ambaye tangu kuku wake afe hajanisalimu ila kwa kichwa. Kila mtu anasema sasa watarudi. Nimepiga udongo ukuta wa mbele. Nimefua lile shati lake la kijani ambalo halikuwa chafu.

Ngoja amebeba yai.

Nilifanya kama ulivyosema. Siku tisa nilikula nimempa mgongo. Zita aliuliza kama nimemkasirikia mbwa, nikamwambia hapana, namsubiri. Siku ya tisa nilihisi pua yake ya baridi kwenye kiwiko. Sikugeuka. Akajilaza, akaweka kichwa juu ya mguu wangu, nami nikakaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi.

Mayai ya kuchemsha alibeba bila shida. Mabichi alivunja manne. La tano alilileta kutoka kwenye ghala mpaka mlangoni, anatembea polepole, shingo ameinyoosha kama mtu aliyebeba mtungi. Nikaweka mkono chini ya taya. Nikasema Rekura. Likaingia mkononi likiwa na mate na joto, zima. Niliketi pale nikalia, na Ngoja akawa anatazama yai na uso wangu, uso na yai, hajui kosa lake ni nini.

Sasa naandika kwenye karatasi yako ya pili.

Mama aliugua mwezi wa Mei mwaka sabini na sita. Mimi nilipata habari siku kumi na tisa baada ya maziko, kwa mfanyabiashara wa sufuria ambaye hata hakujua kwamba ni mama yangu anayemzungumzia. Nilipofika kaburi lilikuwa limeota majani. Nilikaa kwako siku mbili, tukala pamoja, ukaniuliza habari za mvua. Sikukuuliza kwa sababu niliona aibu: mimi ndiye niliyeondoka na mwanamume asiye wa kanisa letu, bila kuaga, na niliona kwamba labda sina haki.

Sasa nauliza. Kwa nini hukunipelekea habari akiwa hai?

Mwanao,
Adelfina


Kijiji cha Nyantakara,
Biharamulo.
1 Julai 1979

Kwa Baba,

Shikamoo. Wiki kumi zimepita. Magari yameanza kupita tena, kwa hiyo siwezi tena kulisingizia lori. Kama unaumwa, mwambie Anatoli aniandikie. Kama huumwi, basi nimeelewa, lakini habari ya mbwa unastahili kuipata hata hivyo.

Jana ilikuwa siku ya kamati. Walikuja watano asubuhi, umande bado mzito, tukasimama ukingoni mwa shamba la karanga. Mama Leonsia alikuja na kuku chini ya kwapa. Akamwachia palepale miguuni pa Ngoja. Akasema, "Tuanze na huyu."

Ngoja alimtazama kuku, akanitazama mimi. Nikamwonyesha majani kwa mkono. Akampita kuku kama anavyopita jiwe.

Alizunguka muda mrefu. Bukuru akaanza kusema ana kazi za watu. Kisha kwale wakafumka, watatu wakaruka, mmoja mwenye mabawa mazito akakimbia. Majani yakatikisika yakatulia. Nikasema Zana, sauti ikatoka nyembamba kama ya Zita. Akatokea. Alikuja moja kwa moja kupitia katikati ya wale wazee, akaketi, nikaweka mkono. Rekura. Kwale akakaa kiganjani mwangu anapumua.

Bukuru alimchukua, akapuliza manyoya ya kifua, ya mgongo, chini ya mabawa, akitafuta alama ya jino. Hakuiona. Akampa wa pili, naye akapuliza. Walimpuliza wote watano. Mama Leonsia akasema, "Kuku wangu hatarudi. Lakini huyu mwacheni."

Wakamwacha. Kwale Bukuru aliondoka naye.

Nilitamani uwepo. Kisha nilitamani Mayunga awepo. Kisha mama. Nilirudi nyumbani na mbwa nikampa tonge lake, na hapakuwa na mtu wa kumsimulia ila Zita, aliyekuwa amekwisha kuona.

Watu wanne wamerudi kutoka vitani. Mayunga bado. Wanasema wengine wamebakizwa huko Uganda kulinda.

Swali langu sijalifuta.

Adelfina


Keza, Ngara.
29 Julai 1979

Kwa Adelfina mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Anatoli na mkewe wazima. Sina habari nyingine za nyumbani.

Barua hii nimeiandika mara nne. Mwalimu Deodata alitaka kuisahihisha, nikamkatalia. Kama kuna makosa, yasome hivyohivyo.

Mama yako aliugua siku kumi na tano. Siku ya tatu aliniambia, "Mpelekee Fina habari." Nikasema kuna mtu atakwenda Biharamulo Ijumaa. Mtu huyo alikuwepo kweli. Ijumaa nilikutana naye njiani, tukasalimiana, akapita. Sikumwambia.

Siku ya nane aliuliza tena. Nikasema habari zimekwenda.

Unataka kujua kwa nini. Nimejiuliza pia. Ningeweza kukuambia kwamba nilidhani atapona. Si kweli, mimi nimeona wanyama na watu wakifa, nilijua. Ukweli ni huu. Ulipoondoka hukuaga. Miaka mitano nilikaa nikisema, atakuja mwenyewe. Sikutaka uitwe. Nilitaka uje bila kuitwa, kwa kuwa umetukumbuka, ili nikuambie kwamba umechelewa. Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo muda mrefu, nikayapenda. Mama yako alipougua nikaona sasa utaitwa kwa ajili yake, utapita mbele yangu bila kuyasikia. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Siku ya mwisho aliuliza, "Amefika?"

Nikasema, "Yuko njiani."

Akageuza uso upande wa mlango. Alikaa hivyo tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Mtu akipita nje, anainua kichwa. Saa tisa hakuinua tena.

Ulipokuja nilikuuliza habari za mvua, kwa sababu nilikuwa namwona yeye anatazama mlango na wewe umesimama pale pale.

Nilikwenda kisomo kwa ajili hii. Nilitaka kuandika barua hii bila kumwambia mtu mwingine aiandike. Nilipojifunza herufi nikapata sababu nyingine ya kungoja, kwamba mwandiko mbaya. Kisha ukaniandikia wewe habari za mbwa, nikashukuru kwamba ni za mbwa.

Siombi kitu. Umeuliza, nimejibu.

Kuhusu kwale wa kamati: niliposoma nilitoka nje nikatembea mpaka mwisho wa kijiji na kurudi.

Baba yako,
Idefonsi Ntakirutimana


Kijiji cha Nyantakara,
Biharamulo.
16 Septemba 1979

Kwa Baba,

Shikamoo.

Mayunga amefariki.

Ndassa amerudi leo asubuhi, ana mkono mmoja. Alikuja hapa kabla ya kwenda kwao. Alisimama nje akakataa kukaa, nikajua. Alisema, "Shemeji, nilikuwa karibu naye." Ilikuwa mwezi wa Machi, ng'ambo ya Masaka, kwenye barabara inayokatiza bwawa. Walimzika palepale yeye na wengine sita. Ndassa anajua mahali.

Machi, Baba. Siku ile ya madebe alikuwa ameshalala ardhini zaidi ya mwezi, na mimi ninafua shati.

Nakuandikia leo hiihii. Wanawake bado wanaingia, Mama Leonsia amemchukua Zita, mimi nimeomba karatasi. Nimemkuta dereva anayeondoka saa nane kwenda Ngara na nimemwambia asimpe mtu mwingine ila wewe mkononi.

Barua yako ya Julai niliisoma mara moja nikaiweka chini ya sanduku. Sikujua nijibu nini. Sasa pia sijui. Nina hasira ambayo sijaifikia mwisho wake. Lakini sitaki usikie habari hii kwa muuza sufuria.

Njoo.

Fina


Keza, Ngara.
9 Desemba 1979

Kwa Fina mwanangu, na mjukuu wangu Zita,

Nawasalimu nyote. Nilifika salama Jumanne. Basi liliharibika Nyakahura, tukalala kanisani, watu wema wakatupa viazi. Kifua kilinibana siku mbili, kimeachia. Anatoli anasema nimenenepa huko kwako.

Nilikaa kwako wiki nane. Nilikuja kwa ajili ya matanga, nikabaki. Hukuniambia niondoke na hukuniambia nikae. Nakushukuru kwa yote mawili.

Nakumbuka siku ile tulipokuwa tunapukuchua mahindi ukasema, "Baba, bado nina hasira." Nikasema najua. Ukaendelea kupukuchua. Halafu ukanipa chakula, ukasimama pale mpaka nimemaliza, kama mama yako alivyokuwa akifanya nikiumwa. Sikusema kitu kwa sababu niliogopa kukiharibu.

Nilimwona Ngoja akifanya kazi, na mimi nimekaa kwenye kichuguu kama mgeni. Nimefundisha mbwa miaka arobaini. Nataka ujue kwamba sikupata kuwa na mkono kama wako. Mimi nilikuwa najua lini niwe mgumu na lini niwe mpole. Wewe unajua kukaa. Mbwa anakuja kwako kama anayeleta habari njema.

Zita aliniuliza siku moja kama babu ndiye aliyemjua bibi. Nikasema ndiyo. Akasema nimsimulie. Nilimsimulia ya Mwewe na miiba. Akacheka bila kuficha mdomo, jino limeota.

Nilikuambia kwamba huku kuna shamba, na Anatoli hana binti, na wewe ukanijibu kwamba Mayunga alilifyeka shamba lile la Nyantakara kwa mikono yake, na hana kaburi jingine unaloweza kulipalilia. Nimeelewa. Sirudii maneno hayo.

Nataka tu kukupa habari za nyumbani. Niliporudi niliona nyumba ni kubwa. Mama yako alitaka chumba cha upande wa migomba kiwe chako hata tulipohamishwa huku, na wewe ulikuwa umeshaondoka. Akaweka pale kitanda cha kamba. Tangu afe nilikuwa naweka humo majembe na mbegu. Jumatano nimeyatoa majembe. Alhamisi na Ijumaa nimechimba udongo, Anatoli akanisaidia kukanyaga, tumepiga kuta zote nne na sakafu. Dirisha nimelipanua, linaonyesha njia ya kutoka Rulenge. Kitanda nimekifunga kamba mpya, na kingine kifupi nimekitengeneza pembeni yake.

Sisemi uje. Nilisema sirudii na sirudii. Nasema kwamba chumba kimepigwa udongo, na kwamba leo nimeugusa kwa kiganja, umekauka.

Baba yako,
Idefonsi